Ile Mwaka Nilikuwa na Sauti ya Ogutu

Wacha niseme mapema: hii stori ukiisoma mpaka mwisho utaniona mjinga, na hautakuwa umekosea. Mimi nimezoea. Watu wengi Kisumu wananijua kama yule jamaa wa spika pale soko ya Kibuye, na mtu wa kuchekesha akifanya ujinga watu hudhani ni kazi anafanya. Hii haikuwa kazi. Nimeikalia miaka kumi na kitu, na ningeendelea kuikalia, lakini mwezi uliopita tulimzika mama kule kwetu Seme, na siku ya pili ya matanga, watu wakiwa wameshiba, binamu yangu mmoja akasimama akasema, "Ochieng', si utuigie mama kidogo, vile alikuwa anaitia watu samaki." Wakapiga makofi. Mimi naweza kuiga mtu yeyote. Nimeiga chifu akiwa amekaa mbele yangu, nimeiga pasta akitafuta miwani yenye iko kwa kichwa yake. Nikasimama, nikafungua mdomo, nikakaa chini. Walidhani ni machozi. Haikuwa machozi. Ni vile mara ya mwisho nilivaa sauti ya mtu wa kwetu, sikuweza kuivua vizuri.

Ile mwaka nilikuwa na miaka kumi na tisa. Darasa la nane nilikuwa nimemaliza nikaona hiyo inatosha. Tulikuwa tunakaa Nyalenda, mama na mimi, nyumba ya mabati ya vyumba viwili, upande wa kuelekea Dunga. Sebule ilikuwa na viti vinne na vitambaa vyeupe vyenye mama alikuwa anafua kila Jumamosi, hata kama hakuna mtu amekalia. Kwa dirisha kulikuwa na kikombe ya plastiki ya kijani imefungwa na waya. Simu ya mama ilikuwa inakaa ndani ya hiyo kikombe kama mswaki, kwa sababu ndani ya nyumba netwaki ilikuwa inashika hapo tu. Ukiitoa ukatembea nayo hatua mbili, inakufa. Kwa hivyo mtu akipiga, mama alikuwa anasimama hapo, sikio kwa dirisha, na nje wote wanasikia. Siri ilikuwa ngumu kwa ile nyumba.

Ogutu ni ndugu yangu mkubwa, askari wa jeshi. Mama hakuwahi kumwita Ogutu. Alikuwa amepewa jina ya baba yake mama, na kwetu huwezi kuropoka jina ya baba yako hivi hivi kwa sababu mtoto ameivaa. Kwa hivyo alikuwa anamwita baba. "Baba, kuja ule." "Baba, hiyo shati imechafuka." Tangu akiwa anatambaa ni baba. Mimi nilikuwa Ochieng' tu, kwa sababu nilizaliwa jua ikiwa juu. Usoni Ogutu alichukua mazuri yote, mimi nikaachiwa masikio. Lakini sauti tuligawana nusu kwa nusu. Kwa simu hata msichana wake alikuwa ananikosea, na sitasema niliambiwa nini. Tofauti ilikuwa moja: Ogutu alikuwa anaongea polepole, na kabla ya kujibu anasema "mm" kwanza, kama mtu anaonja chumvi.

Wiki ya mwisho kabla wampeleke Somalia alikuja nyumbani na begi moja. Mama alimpikia samaki ya ngege kila siku mpaka nikamuuliza mama kama mimi ni wa hii boma ama ni jirani. Siku ya mwisho alikaanga huyo samaki, halafu akamtia kwa nyanya na kitunguu, akachemka mpaka supu ikawa nzito, na ugali ya wimbi imesimama kama kilima. Kichwa ya samaki akamwekea Ogutu. Nikalalamika. Ogutu akaifungua na vidole, akanipa jicho moja, akasema hiyo nyingine anabaki nayo aone kule anaenda. Mama alicheka mpaka akafuta macho na leso, na hakuacha kufuta hata baada ya kucheka kuisha.

Tulipomaliza kunawa, Ogutu akakaa vizuri kama mtu wa kusoma matangazo kanisani. Alisema sisi hatutampigia, yeye ndiye atapiga. Namba itakuwa ya ajabu, saa zingine haitaonyesha kitu, kwa hivyo mama ashike kila simu. Itakuwa dakika mbili, tatu, kwa sababu nyuma yake kuna wengine wamepanga laini wanataka mama zao. Asiulizwe ako wapi. Asiulizwe anarudi lini. Redio ikisema kitu tusiamini mpaka watu wa jeshi wenyewe wafike kwa mlango. Mama akauliza sasa yeye ataruhusiwa kuuliza nini. Ogutu akafanya "mm".

"Niulize nimekula nini," akasema.

Baadaye nikiwa namwaga maji nje akanifuata. Aliniambia mama atakaa kwa redio mpaka iharibu kichwa yake. Akasema mimi najua kuongea kuliko watu wote Nyalenda, na kazi yangu ni moja: nimfanye mama acheke. Hiyo ndiyo amri pekee ya jeshi nimewahi kupewa maisha yangu. Niliifuata. Shida ni vile niliifuata.

Mwanzo ilikuwa sawa. Ogutu alikuwa anapiga Jumapili baada ya kanisa, na mama alikuwa anatoka mbio kabla ya baraka ya mwisho, pasta akimwangalia. Anasimama kwa dirisha. "Baba. Umekula?" Ogutu anasema maharagwe. Wiki ingine mchele. Siku moja akasema samaki ya mkebe, na mama akakasirika kama ametukanwa. Samaki inakaa aje kwa mkebe kama rangi ya viatu? Ilikufa lini? Nani aliikausha? Mama alikuwa anakaanga samaki pale barabara ya Dunga, na hiyo wiki yote kila mteja aliambiwa vile serikali inalisha watoto wake samaki ya mkebe na ziwa iko hapa. Mimi nilikuwa nacheka. Nilifikiria mwaka utaisha hivyo.

Halafu redio ikasema kuna kambi imevamiwa. Haikusema ni gani, ama ilisema na sisi hatukujua majina ya kule. Jumapili ikapita simu iko kimya. Ya pili ikapita. Mama alikuwa anaenda kwa jiko yake ya barabarani na anarudi na samaki wake wote, kwa sababu amekaa tu, mafuta imepoa, watu wanapita. Nyumbani alikuwa ananipikia mimi na anasema yeye amekula huko. Nilijua hajala. Jioni moja nilikuwa nimekaa naye sebuleni, na kwa upande ule mwingine wa mabati jirani yetu Mama Pamela alikuwa anaongea na mgeni wake, sauti yake ile ya kunong'ona yenye inafika mpaka steji ya matatu. Alisema huko kwao kuna watu waliletewa sanduku wakakatazwa kufungua. Akasema huyu wa hapa bado anangojea tu, maskini, hawajamwambia. Mama alikuwa anakunja kitambaa ya kiti. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Mimi sikupata hata utani mmoja, na kwangu hiyo ni ugonjwa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, nikanunua laini mpya ya simu. Pale Kibuye nilikuwa naitia watu wa mitumba wateja na spika, na nyuma ya kibanda kulikuwa na bela za sweta, zimefungwa kama magunia. Nikalala katikati ya bela mbili, nikajifunika na sweta ingine kichwani ndiyo sauti itoke mbali. Boss wangu akauliza kama nimerogwa. Nikapiga.

"Mama," nikasema. "Ni mimi."

Nilisikia ile kikombe ikigonga waya. Halafu akasema, "Baba."

Mimi sijui nitaandika aje hiyo neno vile ilitoka. Maisha yangu yote nilikuwa nimeisikia ikipita juu ya kichwa yangu ikienda kwa mtu mwingine. Sasa ilikuja yenyewe ikaingia kwa sikio yangu, moto, chini ya sweta ya mtu wa Ulaya. Akauliza nimekula nini. Nikafanya "mm". Nikasema nyama ya ngamia. Akauliza ikoje, nikasema ni ngumu kama mapenzi ya Mama Pamela, na akacheka. Nikakata kabla nicheke mimi.

Hiyo jioni nilipata ameosha sufuria zote. Kulikuwa na omena ya kukaanga na sukuma, na alikula, nikamwona na macho yangu, akapangusa sahani na ugali. Na vile alikuwa anakula ananihadithia ile simu yote, na anaongeza mambo yenye mimi sikusema. Kwamba kule kuna baridi. Kwamba Ogutu amenisalimia sana, Ochieng', anauliza kama umeacha ujinga. Mimi sikuwa nimejisalimia. Nikasema asante, amsalimie pia.

Nilifanya hivyo Jumapili nne. Ya kwanza nilifanya kwa sababu ya mama, naapa. Ya pili pia. Ya tatu na ya nne, nikisema ukweli, nilikuwa nangojea Jumapili kama yeye. Nilitaka kuitwa ile neno. Sijawahi kuambia mtu hiyo, hata mke wangu. Nilikuwa nimepoteza ndugu, sijui ako hai ama hapana, na mimi nimekaa kwa kiti yake nakula mapenzi yake na kijiko.

Ikajulikana kwa njia ya kipumbavu. Ogutu alikuwa hai. Walikuwa wamehamishwa mahali hakuna njia ya kupiga. Siku ya kwanza alipata simu akapiga, na mama akamuuliza kama bado anakula ngamia. Ogutu akauliza ngamia gani. Yule wa wiki jana. Mama, mimi sijakupigia hii mwezi yote. Nilikuwa nimekaa sebuleni nakunywa chai, na niliona mgongo ya mama ikibadilika. Alimaliza kuongea na Ogutu polepole, akarudisha simu kwa kikombe, akageuka. Mimi nikacheka. Nilifikiria nikicheka kwanza atanifuata.

Hakunipiga. Aliniambia Jumapili iliyopita alisimama kanisani mbele ya watu akatoa ushuhuda. Alisema Mungu amemrudishia sauti ya mtoto wake. Watu walisimama, wakaimba. Wakati huo mimi nilikuwa nyuma ya kibanda natafuta sweta. Akanyoosha mkono, nikatoa ile laini, akaiweka kwa makaa ya jiko na tukaisikia ikinuka. Ogutu alipopiga tena akaomba aongee na mimi. Alicheka kwanza, na nikafurahi. Halafu akafanya "mm" na akasema, "Usifanye tena. Siku moja atashindwa kutujua." Nikamwambia hata sasa anatujua kwa sababu mimi ndiye mzuri.

Na sikurudia. Sauti ya Ogutu sikuigusa tena. Lakini mtu wa kuchekesha ni kama mlevi wa chang'aa, anaacha hii anabaki na ingine. Miezi ikapita, mama akanisamehe, tukaanza kutaniana. Siku moja nikampigia na simu ya boss, na sauti ya chifu, nikamwambia alete samaki wawili wakubwa kwa ofisi kwa sababu moshi yake inasumbua serikali. Alinijua kwa kikohozi. Alinitukana kwa Dholuo mpaka watu wa jirani wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka wa mwisho. Nikasema moyoni, Ogutu, amri yako inafanya kazi.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi, saa saba hivi, mama alikuwa kwa jiko yake barabarani, simu kwa mfuko ya aproni. Pale netwaki ilikuwa nzuri. Mafuta ilikuwa imechemka, ametia samaki wanne, na wateja wamesimama. Simu ikalia. Namba kwa mama zilikuwa namba tu, hakuwa anazisoma. Sauti ikasema, "Mama. Ni mimi." Ilikuwa inarudi mara mbili, kama mtu amejifunika na kitu. Mama alinieleza hii yote baadaye, neno kwa neno, mara moja tu. Alisema, "Ochieng', wacha ujinga yako, niko na samaki kwa mafuta." Ile sauti ikaanza kucheka, ikasema, "Hapana, mama, ni—" na mama akakata. Ikalia tena. Akazima simu kabisa, akageuza samaki.

Jioni nilirudi nikapata amenipikia na amenikasirikia kidogo, ile hasira ya nyumbani yenye haina shida. Akaniambia siku ingine nikimpigia wakati wa wateja atanikaanga mimi. Nilikuwa nimeshika tonge. Nikauliza nilimpigia saa ngapi. Akasema mchana. Nikasema mama, mimi leo sikuwa na simu. Simu yangu iko kwa fundi pale Kondele tangu asubuhi.

Tuliwasha yake tukaiweka kwa kikombe. Namba ilikuwa ndefu, yenye mwanzo sijui. Nikaipigia, ikakatika. Nikapiga mpaka kredo ikaisha, nikaenda nikaongeza, nikapiga tena. Mama alisimama hapo dirishani. Nikamwambia atapiga Jumapili, Ogutu hawezi kukasirika kwa kitu kama hiyo, ataicheka mpaka mbavu ziume. Mama akasema, "Hata sikumuuliza kama amekula."

Jumapili hakupiga. Siku ya kumi na moja gari ya kijani ilisimama kwa njia ya kuingia kwetu, ikashindwa kupita, na watu watatu wakashuka wakatembea, mmoja amebeba Biblia. Mama Pamela aliwaona kwanza. Kwa mara ya kwanza nikamsikia amekosa maneno. Mama alikuwa anafua vitambaa vya viti. Aliwaangalia wakija njia yote, na hakusimama, akaendelea kufua, kwa sababu nafikiri alikuwa anakumbuka ile sheria, kwamba tusiamini mpaka wafike kwa mlango. Alikuwa anawaachia nafasi wapite.

Ogutu alikuja Seme kwa sanduku yenye bendera, na haikufunguliwa. Askari walipiga bunduki juu na kuku za kijiji zote zikakimbia, na kwa siku ingine ningekuwa na stori ya mwaka mzima. Afisa mmoja mpole sana akaja kwa kiti ya mama, akachuchumaa, akamuuliza kama ako na swali lolote. Mama alifikiria. Akamuuliza kama simu ya kule huwa inaonyesha ni nani amekata. Afisa akasema pole mama, sijaelewa. Akarudia. Afisa akaniangalia mimi nimsaidie. Mimi nilikuwa nimeelewa, na nikaangalia chini.

Tulirudi Nyalenda. Nikaacha kuiga watu, na ilichukua miaka nirudie. Nikaacha hata spika, boss akaniweka kukunja nguo, akisema amenunua kasuku amepata kuku. Nyumbani tulikuwa tunaongea mambo ya chumvi na maji. Mama hakunilaumu hata siku moja, na ningefurahi angenilaumu, kwa sababu hiyo ningejua pa kuiweka. Nilikuwa nasikia akiwa peke yake sebuleni anaanza kusema kitu, neno moja, halafu ananyamaza, kama mtu amefungua mlango akapata si hapo.

Ilikuwa Jumapili mchana, mwaka ikiisha. Tulikuwa tumekula maharagwe. Mama akatoa vyombo, akarudi, akasimama kwa dirisha karibu na ile kikombe, mgongo kwangu. Akaniambia nitoke nje nimpigie. Nikajifanya sijasikia. Akasema tena, polepole, toka nje unipigie. Nikamwambia mama, siwezi. Ile sauti imeniisha, naapa, nimejaribu hata nikiwa peke yangu, inatoka yangu. Akasema hataki sauti. Anataka simu tu ilie, na mtu ashike huko mwisho.

Nikatoka. Nikasimama nyuma ya nyumba, kando ya bomba, nikapiga. Niliisikia ikilia ndani ya kikombe. Akashika. Nikafungua mdomo niseme "mama", na akasema, "Usiseme kitu. Shika tu."

Halafu akaongea. Aliongea Dholuo, na sitaiandika yote, nyingine si yangu. Alimwita baba. Akamwambia samaki walikuwa wanne, na wateja walikuwa wamesimama, na walikuwa wataungua, na angewaacha waungue. Akamuuliza kama alikula ile siku. Akanyamaza kidogo, kama kuna mtu anajibu. Mimi nilikuwa namsikia mara mbili, kwanza kwa mabati halafu kwa simu, nyuma kidogo, na nilikuwa nimejiziba mdomo na mkono wote ndiyo pumzi yangu isiingie. Akamwambia ndugu yako ni mjinga lakini hakuwa na nia mbaya. Akamwambia enda vizuri. Ikaisha.

Nikangojea akate. Hakukata. Nilisikia mtoto wa jirani akipita kwa simu na akipita kwa mabati. Nilisikia mama akipumua. Tulikaa hivyo mpaka sikio yangu ikawa moto. Halafu akaniita jina yangu.

"Ochieng'," akasema. "Kata wewe. Mimi siwezi kumkatia tena."